Eti bila Kiingereza hutoboi?

Kuna binti wa jirani hapa Bagamoyo ana sauti ya kukufanya usahau chai mpaka ipoe. Juzi alikaa barazani kwangu akijirekodi kwa simu. Wimbo kautunga mwenyewe, Kiingereza kitupu. Kila neno lililoishia na konsonanti mbili tatu lilimtoka na kairabu ka nyongeza mkiani. Anasimamisha, anafuta, anaanza upya. Nikamuuliza kwa nini asiimbe Kiswahili. "Shangazi, mashindano ya nje bila Kiingereza hutoboi."

Kauli hiyo naikuta hadi kijiweni kwenye kahawa, na mfano wao ni Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya. Sisi hatumo, ila vipande vyake vinatufikia kwenye simu. Haya, tuyachambue.

"Anayeshinda ni wa Kiingereza tu."

Wimbo wa kwanza kabisa kushinda, mwaka 1956 kule Lugano, ulikuwa wa Kifaransa. Céline Dion mwenyewe alishinda mwaka 1988 akiiwakilisha Uswisi, tena kwa Kifaransa. Mwaka 2007 Serbia ilishinda kwa Kiserbia, 2017 Ureno kwa Kireno, 2021 Italia kwa Kiitaliano, 2022 Ukraine kwa Kiukraine. Wimbo wa Ureno ulikuwa wa taratibu, kijana kasimama peke yake bila mbwembwe, na alizoa pointi 758, ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia.

Najua mtakachosema: hao wanne wa tangu 2007 ni wachache. Ni kweli. Tangu 1999, nchi ziliporuhusiwa kuchagua lugha, washindi wengi wameimba Kiingereza. Lakini hata washiriki wengi huimba Kiingereza. Ngalawa tisa kati ya kumi zikiwa na tanga jeupe, anayetangulia kufika ufukweni huenda akawa na tanga jeupe. Mtasema rangi ndiyo iliyomsukuma?

"Wenye Kiingereza chao wanateleza tu."

Hapa kijiwe huwa kinanyamaza nikiutaja mwaka 2003. Uingereza, wenye lugha yenyewe, waliondoka na sifuri. Mwaka huohuo Ubelgiji ilipeleka wimbo wa lugha ya kubuni, maneno yasiyo ya kabila wala taifa lolote duniani, ukashika nafasi ya pili. Uturuki iliyoshinda iliizidi kwa pointi mbili tu, 167 kwa 165. Uingereza wakaja kupata sifuri nyingine mwaka 2021, na mwaka huo tatu bora zilikuwa Kiitaliano, Kifaransa na Kifaransa tena.

Ayalandi nayo ilishinda 1992, 1993, 1994 na 1996, kwa Kiingereza. Huo ni ushahidi mzito, siukatai. Ila kipindi hicho kila nchi ilifungwa na sheria ya kuimba kwa lugha yake, na Kiingereza kwao ni mojawapo ya lugha rasmi.

"Kila nchi ilikuwa huru siku zote." Hapana. Sheria ya lugha iliwekwa 1966, ikaondolewa 1973, ikarudishwa 1977, ikafutwa tena 1999. ABBA wa Sweden waliingia kwenye mwanya huo wa katikati, wakashinda 1974 kwa Kiingereza.

"Wasikilizaji hawatanielewa."

Sisi tunaosema hivi ndio tunaocheza Kilingala harusini mpaka viatu vinavuka, na maana hatuijui! Hapa hapa Bagamoyo aliishi Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, mwalimu wa Chuo cha Sanaa ambacho siku hizi ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Alizunguka majukwaa ya Ulaya na zeze na marimba yake, akiimba Kigogo na Kiswahili, na kampuni ya Real World ya Uingereza ikamrekodi. Hakuna aliyemdai tafsiri kwanza ndipo apige makofi.

Tena Zawose ananikumbusha dhambi yetu wenyewe. Tunalia Kiingereza kinatumeza, lakini kijana akiimba Kikwere au Kizaramo kwenye mashindano yetu ya mtaani, anaambiwa aimbe Kiswahili ili watu waelewe. Maneno ni yaleyale.

"Basi, ukiimba lugha ya mama umeshinda." Hii nayo ni ya wenye jazba. Zipo nyimbo za lugha za kwao zilizoshika mkia. Wimbo mbovu ni mbovu hata ukiuimba Kimrima.

Binti bado hajakata shauri. Jana ubeti wa pili kaugeuza Kiswahili, na pale hafuti wala haanzi upya, unatoka mara moja. Kiitikio kakiacha Kiingereza, ananitazama kama anayesubiri kugombezwa. Nikamwambia ruksa: Ukraine mwaka 2016 walishinda kwa beti za Kiingereza na kiitikio cha Kitatari cha Krimea. Akaniomba nimchezee ausikie. Bando lilikuwa limeisha.