Kizuizi, Kikwazo, Kiunzi: Kila Fani na Neno Lake

Lori la machungwa ya Muheza likifika mpakani Horohoro husimama mbele ya mti uliolazwa barabarani. Mti huo ni kizuizi: umewekwa makusudi, una mlinzi, na huinuliwa taratibu zikikamilika. Lakini dereva akidaiwa kibali cha pili kwa mzigo uliokwisha kukaguliwa, kinachomchelewesha si mti tena. Wataalamu wa biashara hukiita kikwazo kisicho cha kiforodha, yaani kisichotokana na ushuru, nao wamechagua vyema, kwa kuwa kikwazo kimetokana na kukwaa, yaani mguu kugonga kitu mtu akapepesuka ilhali njia yenyewe iko wazi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2017 inalenga kuondoa vikwazo vya namna hiyo. Haikutungwa kung'oa vizuizi vya mipakani.

Katika riadha neno ni kiunzi, nalo lina utata wake, kwa kuwa hutaja vitu viwili tofauti. Kwenye mbio za meta 3,000 kuruka viunzi na maji, ambazo Filbert Bayi alitwaa medali ya fedha Moscow mwaka 1980, kiunzi cha wanaume kina kimo cha sentimeta 91.4, ni kizito, hakianguki, na mkimbiaji anaruhusiwa kukikanyaga. Kile cha mbio za meta 110 hupinduka kikigongwa.

Mahakama hutoa zuio, yaani amri ya kukataza jambo lisifanywe, na mdaawa, yaani mhusika wa kesi, huweka pingamizi. Mtafsiri akiandika kizuizi mahali pa zuio anapotosha, maana tangu sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini, Mtanzania akilisikia neno hilo katika habari za sheria humfikiria mtu aliyefungiwa.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko kwenye tiba. Seli za kuta za mishipa midogo ya damu ubongoni zimebanana sana, zikapitisha oksijeni na glukosi lakini zikazuia dawa nyingi. Vitabu husema kizuizi kati ya damu na ubongo, na msomaji hudhani hapapiti kitu. Mvuvi wa Tanga anao mfano bora zaidi: wando, fito zilizofungwa pamoja na kusimikwa majini, ambapo maji yakipwa hupenya katikati ya fito na samaki wakabaki. Mtu wa pwani akianza kuelezwa kwa wando, swali lake la kwanza huwa ni lile lile ambalo mtafiti wa dawa za ubongo hulihangaikia: fito zimeachana kiasi gani?