Fulani "amegazetiwa": maana yake nini?

Ukisikia kwenye matatu kwamba fulani "amegazetiwa", usihangaike kumtafuta kwenye magazeti ya leo. Hayumo. Kitenzi cha Kiingereza "to gazette" maana yake ni kuchapisha jambo katika Gazeti Rasmi la Serikali ili litambuliwe kisheria. Marekani ni nadra kukisikia, lakini hapa Nairobi, penye mahakama, wizara na mawakili kila kona, hakipiti siku bila kutajwa.

Kilianzia Uingereza. Mwaka 1665 mfalme na watu wake walihamia Oxford wakikimbia tauni, na huko likaanzishwa gazeti la serikali ambalo baadaye liliitwa London Gazette. Afisa wa jeshi akipandishwa cheo, jina lake lilitokea humo; aliyefilisika naye pia. Wote "waligazetiwa", mmoja akishangilia, mwingine akijificha.

Letu la Kenya, Kenya Gazette, hutoka kila Ijumaa, na matoleo maalumu hutoka wakati wowote. Tuseme umepoteza hatimiliki ya shamba. Msajili wa ardhi hatakupa nyingine papo hapo. Kwanza itachapishwa notisi yenye jina lako, nambari ya shamba na onyo kwamba baada ya siku 60 hati mpya itatolewa, isipokuwa kuwe na pingamizi. Mirathi nayo hupitia humo, na ndiyo maana wanaonunua ardhi kwa uangalifu huzipekua kurasa hizo, ingawa kusema kweli zinachosha macho.

Sheria za Bunge pia. Kwa Katiba ya 2010, mswada uliotiwa saini na Rais huchapishwa humo ndani ya siku saba, na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, ila kama sheria yenyewe imetaja wakati mwingine.

Hapa ndipo wengi hukosea: hudhani hakuna kinachohesabika kabla ya kugazetiwa. Baada ya uchaguzi wa 2013, ushindi wa Hassan Joho kama gavana wa Mombasa ulipingwa na Suleiman Shahbal. Sheria ya uchaguzi ilisema siku 28 za kuwasilisha kesi zihesabiwe tangu matokeo yachapishwe katika Gazeti Rasmi. Katiba inasema zihesabiwe tangu matokeo yatangazwe. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilishikilia Katiba, na kesi ya Shahbal ikaonekana imechelewa. Siku chache tu kati ya kutangaza na kugazeti zilimgharimu.

Kinyume chake ni "degazette", yaani kuondolea kitu hadhi hiyo. Hutajwa zaidi kwenye habari za misitu. Msitu wa Karura, hapa Nairobi, uligazetiwa mwaka 1932, na miaka ya 1990 sehemu zake zilipogawiwa watu binafsi, mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walisimama langoni na miche mkononi. Siku hizi anayetaka msitu wa umma uondolewe hadhi au upunguzwe mipaka lazima apeleke ombi Bungeni.