Jinsi Kimeng'enya Kinavyoipa Antioksidanti Mkia wa Mafuta

Mafuta ya kula yakichacha, mara nyingi tunawasingizia vijidudu. Ukweli ni kwamba ndani ya mafuta yasiyo na maji bakteria hana maisha. Adui ni hewa. Molekuli moja ya mafuta ikipoteza hidrojeni yake, hudakwa na oksijeni, kisha humpora jirani hidrojeni ili itulie. Jirani naye humpora wa pili. Mnyororo huo ukishaanza haungoji mtu, na mwisho wake ni aldehaidi, zile zinazotoa harufu kali ambayo pua huijua kabla ulimi haujaonja. Kadiri asidi ya mafuta (kipande kirefu cha kaboni ndani ya molekuli ya mafuta) inavyokuwa na sehemu nyingi zaidi ambako kaboni mbili zimeshikana kwa bondi maradufu, ndivyo inavyoporwa kirahisi. Ndiyo maana mafuta ya kitani huharibika upesi kuliko ya zeituni.

Mimea ina walinzi wake dhidi ya uporaji huu. Pumba za mchele na za ngano zina asidi feruliki, kahawa ina asidi klorojeniki, na matunda na majani ya mzeituni yana hidroksitirosoli. Hizi ni antioksidanti za jamii ya fenoli: hutoa hidrojeni yake kwa hiari, zenyewe zikabaki zimetulia, na mnyororo ukakatika. Kasoro yake ni kwamba nyingi hazipatani na mafuta. Ukitia unga wa asidi feruliki kwenye mafuta ya soya na kukoroga, sehemu kubwa itatuama chini.

Dawa ni kuziunga na kipande cha mafuta, yaani kuzipa mkia, ili ziyeyuke. Hapo ndipo lipasi inapoingia. Tumeizoea kama kimeng'enya kinachokata mafuta wakati wa kusaga chakula mwilini, na mkato huo hutumia maji. Lakini kimeng'enya hakichagui upande. Huharakisha mmenyuko wa kwenda na wa kurudi vilevile. Maji yakipunguzwa mno, mkataji yule yule hugeuka kuwa mwungaji. (Wanafunzi wangu hudhani ninawatania mpaka waone matokeo.)

Lipasi inayopendwa sana maabara hutokana na hamira iitwayo Candida antarctica. Hubandikwa juu ya punje ndogo za plastiki ili ichujwe na kutumika tena, kisha huchanganywa na mafuta na antioksidanti kwenye joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Molekuli ya mafuta ni kiini kidogo kiitwacho gliseroli kilichobeba asidi tatu za mafuta. Lipasi hung'oa moja au mbili na kupachika asidi feruliki mahali pake. Kazi huenda polepole, hata siku kadhaa, kwa sababu umbo la asidi feruliki halikai vizuri kwenye mfuko wa kimeng'enya. Wataalamu huirahisishia kazi kwa kuanza na esta yake ya ethili, yaani asidi feruliki iliyokwisha kufungwa kwenye ethanoli: feruliki ikipachikwa, ethanoli huishia kwenye asidi ya mafuta iliyong'olewa. Njia ya asidi kali na moto mkubwa ipo, ila fenoli zenyewe haziupendi moto huo.

Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Peoria, Illinois, waliunganisha asidi feruliki na mafuta ya soya kwa njia hii. Walichopata huyeyuka katika mafuta na pia hunasa miale ya urujuanimno, ile ya jua inayodhuru ngozi, kwa hiyo wenye viwanda vya vipodozi walivutiwa kabla ya wapishi.

Sasa tahadhari, maana hapa ndipo matangazo hupitiliza. Mkia mrefu zaidi si lazima uwe bora zaidi. Katika mchanganyiko wa mafuta na maji, kama mayonezi, uwezo wa kulinda hupanda mkia unaporefuka, halafu mkia ukipita kaboni 8 hadi 12 hivi huanza kushuka: molekuli huacha mpaka wa maji na mafuta, ambako ndiko kwenye vita. Na katika mafuta matupu, antioksidanti isiyo na mkia mara nyingi huilinda chupa vizuri kuliko yenye mkia. Kwa hiyo swali la kwanza ni chakula gani kinalindwa.

Tena, pumba na soya ni vya asili, lakini kilichozaliwa kwa kuviunga ni molekuli nyingine. Inastahili kupimwa usalama wake kama kiongezo chochote kipya.

Wazo lenyewe si geni mezani. Palmiteti ya askobili, yaani vitamini C iliyofungwa kwenye asidi ya mafuta, imo katika vyakula vingi, na lebo za Ulaya huiandika E304. Viwandani hutengenezwa kwa asidi ya salfuriki, ingawa lipasi nayo huiweza.