Mtoa habari ni nani katika karatasi za ukoo?

Karatasi tatu za nkambo wangu zinasema alizaliwa karibu na mwaka 1922. Moja inasema 1918. (Nkambo ndiye babu, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi.) Ndugu zangu walitaka tumalize shauri kwa kuhesabu: tatu zimeishinda moja. Nilikataa, na sababu yangu imo katika neno hili, mtoa habari.

Mtoa habari ni yule aliyelitamka jambo, karani akaliandika. Siyo karani mwenyewe, wala siyo ofisi iliyogonga muhuri. Karatasi moja yaweza kubeba habari alizoziona mtu kwa macho yake pamoja na nyingine alizozisikia tu. Chukua cheti cha kifo: mtoto aliyekuwa kando ya kitanda anajua vizuri baba alifariki siku gani. Kuzaliwa kwa baba huyo hakukushuhudia. Anautaja mwaka kwa kusikia, au anausoma kwenye kitambulisho cha marehemu. Cheti ni kile kile, lakini mstari mmoja una nguvu na mwingine ni dhaifu.

Basi nikazifuata karatasi kinyumenyume. Mwaka ulio kwenye cheti cha kifo ulitoka kwenye kitambulisho cha wakati wa Zaire. Ule wa kitambulisho ulitoka kwenye kitabu cha kazi cha Union Minière, kampuni ya migodi ya Katanga: maneno ni yale yale ya Kifaransa, né vers 1922 (alizaliwa karibu na 1922), na hata herufi iliyokosewa katika jina la kijiji imenakiliwa. Kumbe mashahidi watatu walikuwa sauti moja. Na sauti hiyo ilitoka mbele ya meza ya kuandikia watu kazi, mahali ambapo ujana ulikuwa faida. Hilo vers, yaani "karibu na", huenda ni karani aliyekadiria kwa kumtazama uso, au nkambo mwenyewe aliyejipunguzia miaka. Simlaumu, alikuwa anatafuta riziki.

Cheti cha ubatizo kiliandikwa misheni mwaka 1938, na kinampa umri wa miaka 20 hivi. Pale hapakuwa na kazi ya kugombea. Majina ya baba na mama yake yamo pia.

Kilichonituliza kabisa ni maneno ya shangazi yangu wa Katuba. Mama yake nkambo alizoea kumsimulia kwamba mafua makubwa yalipopita, yeye alikuwa amembeba nkambo mgongoni, bado ananyonya. Mafua hayo yaliingia Katanga mwishoni mwa 1918 kwa njia ya reli, yakitokea kusini. Mama ndiye aliyezaa. Hakuna mtoa habari aliyekuwa karibu kumzidi, ingawa neno lake limetufikia kupitia kinywa cha mwingine. Tena padri hakunakili kwake, wala yeye hakusoma rejista ya padri. Sauti mbili zilizotoka mahali tofauti zikakutana, na kwangu hizo zina uzito kuliko mihuri mitatu iliyonakiliana.

Majina nayo yanataka swali hilo hilo: nani alilitaja, na wakati gani? Mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipokatazwa, nkambo, aliyeitwa Josefu misheni, alilazimika kuliacha jina hilo, akachukua la babu yake. Ukimtafuta kwenye rejista ya ubatizo kwa jina la kitambulisho humpati, na mimi karibu nimgawe kuwa watu wawili. Mji pia ulibadilika jina: Élisabethville ya kitabu cha kazi ndiyo Lubumbashi tangu 1966.

Katika daftari la ukoo nimeandika "kati ya 1916 na 1918", na pembeni: mama yake, kupitia shangazi, ubatizo, 1938. Ile 1922 sikuifuta. Nimeiweka chini yake pamoja na maneno haya: alivyoandikishwa kazini.