Mtoto kizimbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukisema wanaoshughulikia kesi za watoto wapewe mafunzo maalumu, unajibiwa: "Hakimu naye ni mzazi, atashindwaje kuongea na mtoto?" Dhana hii nimeisikia mara nyingi, na ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Malezi ya nyumbani hayamfundishi mtu kuuliza maswali mahakamani. Mtoto wa miaka minane anaulizwa: "Siku hiyo hukumwambia mama, siyo?" Anajibu, "Ndiyo." Ndiyo alimwambia, au ndiyo hakumwambia? Kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu inayoandikwa mahakamani, linabaki neno moja, na kesho atasomewa kwamba anajikanganya. Aliyepata mafunzo angeuliza, "Ulimwambia nani?" kisha angenyamaza, amsubiri.

Au mtoto anasema, "Alinifanyia tabia mbaya." Ndivyo alivyolelewa kusema; viungo vya siri havitajwi mbele ya wakubwa. Mwendesha mashtaka asiyejua anavuka hapo hapo na swali jingine. Anayejua anarudi taratibu: "Alifanya nini?" Mtoto anaeleza kwa maneno yake, bila kuwekewa maneno mdomoni. Hilo humlinda mshtakiwa pia, maana jibu ni la mtoto mwenyewe.

Wapo wanaoshikilia kwamba neno la mtoto halisimami bila shahidi mtu mzima. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania haisemi hivyo. Katika makosa ya kujamiiana, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli tupu na ikiandika sababu zake. Tangu marekebisho ya 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na si uongo. Ni sentensi moja tu. Hata hivyo Mahakama ya Rufani imewahi kuufuta ushahidi wa mtoto kwa sababu ahadi hiyo haikuchukuliwa ipasavyo, na aliyetiwa hatiani akaachiwa. Mtoto alikwisha kusimama mbele ya watu akasema yote. Kosa lilikuwa la mkubwa, na ni kosa ambalo mafunzo yangelizuia.

Wengine husema mafunzo haya ni "kudekeza wahalifu wadogo". Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha gerezani, lakini anaweza kuwekwa chini ya uangalizi au kupelekwa shule ya maadilisho. Huko ni kuwajibishwa.

Kisha kuna wanaodhani kazi imekwisha pakishakuwa na Mahakama ya Watoto, inayosikiliza mashtaka dhidi ya watoto. Ni kweli sheria inaitaka iketi kwenye jengo au chumba tofauti, kwa faragha, afisa ustawi wa jamii akiwepo. Lakini mtoto aliyebakwa na mtu mzima mara nyingi hutoa ushahidi kwenye mahakama ya kawaida, mshtakiwa akiwa hatua chache kutoka alipo. Kwa hiyo mafunzo yamfikie hakimu wa wilaya, karani, wakili wa utetezi, na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, aliyemsikiliza mtoto huyo mwanzo kabisa.