Je, wajua kwa nini miwani pekee haimtoshi mwanafunzi mwenye ualbino?

Mtoto mwenye ualbino akishapewa miwani, wazazi na walimu wengi huamini kwamba shida yake ya kusoma imekwisha, kisha hushangaa kumwona bado amelisogeza daftari hadi puani. Sababu imo ndani ya jicho lenyewe.

Melanini, rangi ya asili iliyo pungufu katika ngozi na nywele zake, huhitajika pia wakati jicho linapojiumba tumboni mwa mama. Inapopungua, sehemu ndogo ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ambayo ndiyo inayotuwezesha kutambua herufi, haikomai ipasavyo. Miwani huelekeza mwanga utue vizuri kwenye retina, lakini haiwezi kuikomaza sehemu hiyo.

Aidha, macho yake mara nyingi huchezacheza bila hiari. Wengi hugundua wenyewe kwamba wakikipinda kichwa upande fulani, macho hutulia kidogo na maandishi huonekana vizuri zaidi. Kwa hiyo mtoto anayeutazama ubao akiwa amepinda shingo si mjeuri wala hajazubaa, na kumwamuru anyooke ni kumnyang'anya uwezo aliojitafutia. Kusogeza kitabu karibu nako hakumharibu macho, kwa kuwa herufi iliyo karibu huonekana kubwa.

Mwanga nao humuumiza, maana sehemu ya rangi inayoizunguka mboni haiuzuii vya kutosha. Hapa Mtwara na Lindi jua hupita utosini karibu na Oktoba na tena Februari, shule zikiwa zimefunguliwa. Dawati la mbele humfaa, ila lisielekee dirisha. Kofia pana na mikono mirefu aruhusiwe, hata kama si sehemu ya sare, kwa ajili ya ngozi yake.

Linalosikitisha zaidi ni mtoto anayeweza kusoma maandishi ya kawaida yaliyokuzwa kufundishwa nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa kugusa kwa vidole, peke yake, eti kwa sababu haoni ubao. Lenzi ya kukuzia na mwalimu anayesoma kwa sauti kila anachoandika vingemwezesha kusoma pamoja na wenzake. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu. Shule itaje hali yake wakati wa usajili, na majaribio ya darasani nayo yakuzwe maandishi tangu darasa la kwanza.