Hela ya kushikia nyumba: inalipwa lini, na kwa nani

Hela ya kushikia nyumba ni sehemu ya kodi anayotanguliza mpangaji kwa mwenye nyumba, wakiwa wameshaelewana bei, ili nyumba asipewe mwingine wakati yeye anatafuta iliyobaki. Baadaye inakatwa kwenye kodi. Chumba ni 200,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani 1,200,000. Ukitanguliza 100,000 unadaiwa 1,100,000. Basi.

Sasa fungua matangazo ya nyumba za kupanga Dar es Salaam, Facebook au Instagram: "Tuma hela ya kushikia, wateja ni wengi, kesho uje uione." Hapo hakuna kinachoshikwa. Kwanza unaiona nyumba, ndipo unaishikia, na anayepindua mpangilio huo anajua anachofanya: kesho ukienda hutaikuta, au utaikuta ina watu wake wanaoanika nguo. Picha mara nyingi zimeibwa kwenye tangazo la nyumba nyingine. Zipitishe Google Lens uone zilikotoka. Bei nayo huwekwa chini ya bei za mtaa, maana ya kawaida haimharakishi mtu.

"Lakini alinitumia video." Video iliyorekodiwa inaweza kuwa ya yeyote. Mpigie ya moja kwa moja, mwambie afungue bomba la jikoni, aoneshe mita ya LUKU, kisha atoke nje mpaka barabarani bila kukata simu. Mwenye nyumba yake atanung'unika, ila atafanya. Tapeli mtandao utamsumbua ghafla. Hata hivyo simu hiyo ni ya kukuokolea nauli tu, hela isubiri mpaka ufike mwenyewe.

Na kufika nako hakutoshi, jambo ambalo hata wajanja hulisahau. Kuiona nyumba si kumjua mwenye nyumba. Wapo wanaopanga kwa siku chache, wakishika funguo wanaitangaza kama yao, wanapitisha watu watano, wote wanalipa, na siku ya kuhamia magari matano ya mizigo yanakutana getini. Kwa hiyo pita kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, uliza nyumba ile ni ya nani. Uliza na jirani. Mkataba uandikiwe hapohapo ofisini, ugongwe muhuri.

Ukilipa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Lisipolingana na kitambulisho cha mwenye nyumba, ukaambiwa "hiyo laini ni ya shemeji," usiendelee. Kisha andikianeni: kiasi, tarehe, kwamba itakatwa kwenye kodi, nyumba inashikiliwa kwa siku ngapi, na mkishindwana inarudi au hairudi. Hilo la mwisho watu hawaliandiki, halafu wanaliita utapeli wakati ni ugomvi wa watu wawili ambao hawakuulizana.

Meseji ya "mimi mwenye nyumba wako, ile kodi tuma kwenye namba hii" ni jambo jingine. Hurushwa kwa maelfu ya namba, ikimwangukia mpangaji ambaye kodi yake imefika. Mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyozoea, na meseji yenyewe itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Kama umeshatuma hela, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo waizuie kabla haijatolewa kwa wakala. Ikishatolewa, mtandao hauna cha kushika, inabaki polisi na RB, yaani namba ya taarifa utakayofungua kituoni.

Kuhusu madalali, tuwatendee haki. Dalali halali wa Dar ana hela mbili: ya kuonyeshwa nyumba, ambayo ni ya miguu yake na hairudi hata nyumba ukiikataa, na udalali wenyewe, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja, unaolipwa ukishapata nyumba. Hela ya kushikia si yake. Akiiomba iingie kwenye simu yake, mwombe kwa upole namba ya mwenye nyumba. Lakini aliyekupeleka nyumba tatu za kweli, ukazikataa zote, akabaki na hela ya kuonyeshwa, huyo hajakutapeli.